Mkono Uliobanwa: Kwa Nini Australia Hawaelewani Kuhusu Adhabu ya Ukabaji Hatari

Aprili 2024, katika ligi kuu ya futiboli ya Australia, Charlie Cameron, mshambuliaji wa Brisbane Lions, alimkaba Jake Lever wa Melbourne wakaenda chini wote wawili. Lever akainuka, akaendelea na mechi. Afisa wa mapitio ya mechi alimfungia Cameron mechi 1. Kesi ikafika baraza la nidhamu, nalo likasema kosa lipo, ila huyu mtu amecheza mechi 207 bila kufungiwa hata mara moja, kwa hiyo alipe faini yaishe. Julai ya mwaka huo huo Cameron akamkaba Liam Duggan wa West Coast Eagles. Safari hii Duggan akapata mtikisiko wa ubongo. Adhabu: mechi 3. Baraza la nidhamu likakubali ni mechi 3. Wiki hiyo hiyo bodi ya rufaa ikazifuta zote tatu.

Na usiku ule ule bodi ile ile ikafuta mechi 3 nyingine, za Toby Bedford wa GWS Giants, aliyekuwa amemkaba Tim Taranto wa Richmond wikendi moja na ya Duggan.

Ukimsimulia mtu habari hii kijiweni atakuuliza jambo moja: kwani sheria yenyewe inasemaje? Hapo ndipo penye kazi. Sheria za mchezo huu zinasema mambo mawili yanayovutana mashati, na mchezaji yuko katikati.

Tuanze na mchezo wenyewe. Wasomaji wengi wa Kiswahili tunajua soka, na wa Nairobi na Kampala wanajua raga vizuri tu. Futiboli ya Australia si soka wala si raga. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, mara nyingi ni ule ule wa kriketi, na mpira nao una umbo la yai. Hakuna kuotea. Hilo la kuotea msomaji wa raga alishike vizuri, kwa sababu katika raga adui yuko mbele yako na unamwona anavyokuja. Huku anatoka kushoto, kulia, mbele, nyuma. Unainama kuokota mpira huku watu wawili wanakujia kasi na mmoja wao humwoni.

Jambo la pili ni pasi. Hairuhusiwi kuurusha mpira kwa mkono. Ama unaupiga kwa mguu, ama unaushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono wa pili. Yaani pasi ya mkono inahitaji mikono miwili. Akikubana mmoja tu, umekwisha.

Sasa kukaba. Katika soka tunaposema beki anamkaba mshambuliaji, tuna maana ya kumfuata hatua kwa hatua. Huku ni kumkumbatia mtu na kumwangusha, mwereka hasa. Unaruhusiwa kumshika chini ya mabega na juu ya magoti. Ukimshika shingo, faulo. Ukimsukuma mgongoni au ukamwangukia mgongoni, faulo. Lakini ukimbana sawasawa, naye alikuwa na nafasi ya kuuachia mpira akaung'ang'ania, filimbi inalia kwa faida yako. Unapewa mpira wa adhabu, mashabiki wanakushangilia, kocha anakupigia makofi.

Tazama basi mkabaji anavyofikiri, ikiwa anapata hata muda wa kufikiri. Anamkimbilia mtu kutoka nyuma. Anataka kubana mikono yote miwili, kwa kuwa ndiyo njia ya uhakika ya kupata filimbi. Hataki kumwangukia mgongoni, kwa kuwa hapo filimbi itamgeukia yeye. Anafanyaje? Anamzungusha. Wanapokwenda chini anampindua ubavu ili yeye aangukie pembeni. Ule mzunguko alioufanya kukwepa faulo ya mgongo ndio ambao Jumatatu afisa wa mapitio atauita kumbwaga mtu.

Nimerudia kutazama video za ukabaji wa namna hii mara nyingi, polepole, na kinachonikaa kichwani kila mara ni viganja vya yule anayekabwa. Mtu yeyote akianguka hutanguliza mikono. Mtoto wa mwaka mmoja anafanya hivyo bila kufundishwa. Hapa mikono ipo, vidole vinachezacheza kwenye mapaja, na haiendi popote. Bega linagusa nyasi kwanza, halafu shingo inajipinda, halafu ubavu wa kichwa unagonga chini kwa uzito wa watu wawili. Kwa kasi ya kawaida jambo lote halifiki sekunde mbili.

Baada ya mechi kazi inahamia mezani. Ligi kuu, AFL, ina afisa wa mapitio ya mechi. Kazi hiyo aliianza Michael Christian, mchezaji wa zamani, mwaka 2018. Kabla yake ilikuwa ya jopo. Anajiuliza maswali matatu. Je, ilikuwa makusudi au uzembe? Mguso ulikuwa kichwani au mwilini? Na kishindo kilikuwa kidogo, cha kati, kikubwa, au kikali mno? Majibu hayo matatu yanaingizwa kwenye jedwali na adhabu inatoka upande wa pili. Ukabaji hatari karibu wote huingia kama uzembe na mguso wa kichwani, kwa hiyo swali la kwanza na la pili huwa limeshajibiwa. Kinachobaki ni kishindo. Kidogo ni faini. Cha kati ni mechi 1. Kikubwa ni mechi 2. Kikali mno ni mechi 3 au zaidi.

Na kishindo kinapimwaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kumtazama aliyeangushwa. Aliinuka? Alitoka uwanjani? Daktari alisemaje?

Hapo ndipo ugomvi wote ulipolala. Wachezaji wawili wanaweza kumkaba mtu kwa namna moja, nguvu moja, mikono imebanwa vile vile. Kichwa cha wa kwanza kinatua penye nyasi laini, cha wa pili kinatua sentimita chache pembeni, naye anaamka hajui ni robo ya ngapi. Mkabaji wa kwanza amepata mpira wa adhabu, pengine goli. Wa pili amepata mechi 3 nje. Wanaopinga wanauliza: mnahukumu kitendo, au mnahukumu bahati?

Haki haitendeki tukisema ligi haijaliona hilo. Mwongozo wake una kifungu kinachomruhusu afisa kutazama pia madhara ambayo yangeweza kutokea, si yaliyotokea tu. Kwa njia hiyo ukabaji wa Cameron kwa Lever ulipewa kishindo cha kati ingawa Lever hakuumia. Na mwongozo unataja dalili nne za ukabaji hatari: kama kulikuwa na vitendo viwili badala ya kimoja, mfano kumshika kisha kumzungusha, hata kama kila kimoja peke yake ni halali, kama ni ule ukabaji ambao wenyewe ni hatari, kumnyanyua mtu na kumchomeka chini kama mkuki, kama aliyekabwa yuko katika hali ya kushindwa kujikinga, hasa akiwa amebanwa mikono, na kama alizungushwa au kugandamizwa chini kwa nguvu iliyopita kiasi.

Msomaji ameshaona tatizo kwenye dalili ya tatu. Kubana mikono kwa mwamuzi ni ufundi. Kubana mikono kwa afisa wa mapitio ni ushahidi. Mchezo unamlipa mtu Jumamosi kwa kitu ambacho unamshtakia Jumatatu.

Hakuna aliyeonja pande zote mbili za jambo hili kama Patrick Dangerfield. Mwaka 2011, akiwa kijana wa Adelaide, alikabwa na Jack Trengove wa Melbourne, akazungushwa akagonga kichwa na kupata mtikisiko wa ubongo. Trengove alifungiwa mechi 3, akakata rufaa, akashindwa. Watu walilalamika kwa maneno yale yale ya leo: Dangerfield angeinuka, nani angemshtaki Trengove? Miaka sita baadaye Dangerfield yuko Geelong, ni mshindi wa Medali ya Brownlow ya 2016, na anamkaba Matthew Kreuzer wa Carlton, mikono imebanwa, kichwa chini, mtikisiko wa ubongo. Mechi 1.

Mechi 1 inasikika kitu kidogo. Lakini Brownlow hupewa mchezaji bora aliye pia mwungwana, na anayefungiwa hata mechi moja hana haki ya kuipata. Usiku wa kuhesabu kura za 2017 Dangerfield alikuwa na kura 33 zisizo na kazi. Dustin Martin alichukua medali kwa kura 36, kwa hiyo hata asingefungiwa asingeshinda, ila kwa wiki kadhaa nchi nzima ilibishana kana kwamba medali tayari ilikuwa shingoni mwake na mtu ameivua. Wiki moja baada ya kisa cha Kreuzer, Brodie Grundy wa Collingwood alimkaba Ben Brown wa North Melbourne, Brown akazimia, Grundy akapata mechi 2. Trengove mechi 3, Grundy 2, Dangerfield 1. Waliokuwa wakitafuta mstari ulionyooka hawakuupata.

Wanasheria wa ligi wana jibu, na si jibu jepesi. Katika sheria za kawaida, ukimsukuma mtu akaanguka na kumbe fuvu lake ni jepesi kuliko la wengine, hujinasui kwa kusema hukujua. Dereva aliyepita taa nyekundu akafika salama na aliyepita taa nyekundu akagonga mtu hawapewi kifungo kimoja, ingawa miguu yao ilikanyaga mafuta sawasawa. Matokeo yana uzito kila mahali. Kwa nini uwanja wa mpira uwe kisiwa? Tena adhabu inayofuata matokeo inamfanya mchezaji aogope matokeo, na hilo ndilo linalotakiwa. Hoja hii naiheshimu. Inayumba kwangu pale tu ninapokumbuka kwamba dereva hapewi zawadi kwa kupita taa nyekundu.

Lakini kwa nini ligi imekaza uzi miaka hii, wakati wachezaji wamekuwa wakibwagana tangu enzi za mababu? Kwa sababu ya ubongo, na kwa sababu ya mahakama. Graham Farmer, ambaye kila mtu alimwita Polly, mmoja wa wakubwa wa historia ya mchezo huu, alifariki 2019. Mwaka uliofuata uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha ugonjwa unaojulikana kama CTE, ule unaohusishwa na kichwa kupigwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa futiboli ya Australia kugundulika nao. Wakafuata Danny Frawley na Shane Tuck. Mwaka 2023 ukagundulika kwa Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake, mwanamke wa kwanza mwanamichezo wa kulipwa kukutwa nao. Machi mwaka huo huo wachezaji wa zamani wakiongozwa na Max Rooke walifungua kesi ya pamoja dhidi ya AFL. Septemba kamati ya Seneti ikatoa ripoti kuhusu majeraha ya kichwa michezoni. Desemba mchunguzi wa vifo wa jimbo la Victoria, akimalizia shauri la Tuck, akapendekeza mazoezi ya kugusana miili yawekewe kikomo.

Mwaka mmoja, mambo manne. Ligi iliyo katika hali hiyo haiwezi kusimama mbele ya jaji na kusema ilikuwa inamtazama mkabaji akimgonga mtu chini na kumpa mpira wa adhabu.

Ukali huo haukuishia kwa wachezaji. Julai 2023 Aliir Aliir wa Port Adelaide aligongana vichwa na mwenzake wa timu hiyo hiyo, Lachie Jones, akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. Klabu ikatozwa faini ya dola 100,000 za Australia. Aliir, kwa wasiomjua, alizaliwa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, katika familia ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Mpira wenyewe alikuja kuukuta Australia, na leo ni mmoja wa mabeki wanaoheshimika wa ligi ile. Kugongana kwake hakukuwa ukabaji wala kosa la mtu, lakini faini ile inaonyesha AFL inavyohesabu sasa: kichwa kikiguswa, lazima karatasi ijazwe na mtu awajibike.

Kuna kitu kingine ambacho shabiki wa soka akiambiwa mara ya kwanza haamini. Hakuna kadi nyekundu. Ligi nyingi za mitaani huko Australia zinazo kadi, lakini AFL haina namna ya kumtoa mchezaji uwanjani kwa kosa. Mwaka 2018 Andrew Gaff wa West Coast alimpiga ngumi kijana Andrew Brayshaw wa Fremantle, akamvunja taya na kumwumiza meno. Alifungiwa mechi 8, lakini siku ile hakuonyeshwa kadi kwa sababu kadi haipo. Sawa na hivyo kwenye ukabaji. Aliyegongwa kichwa anatoka na harudi, mwenzake aliyemkaba anaendelea kucheza. Mwaka 2021 timu ilipewa haki ya kuingiza mtu wa akiba kwa aliyepata mtikisiko, na hiyo ilipunguza uchungu kidogo. Lakini adhabu ya mechi inakuja wiki inayofuata, na anayefaidika nayo ni timu ya tatu kabisa, itakayocheza na timu ya mkabaji yule bila yeye kuwepo. Aliyeumizwa hapati kitu.

Raga ilichukua njia nyingine. Fainali ya Kombe la Dunia 2023, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kumgonga kichwani Jesse Kriel, wenzake wakacheza 14 na kufungwa 12–11 na Afrika Kusini. Wapo waliosema kadi ile iliiharibu fainali. Ila hakuna aliyesema timu iliyoumizwa haikulipwa. Sisemi AFL wachukue kadi kama ilivyo. Mwamuzi wa futiboli anakimbia uwanja mkubwa kuliko wa raga na kuona nusu ya mambo. Nasema tu kwamba ukiihamishia adhabu yote mezani, inabidi meza iwe na mizani inayoaminika, na mizani ile ya Julai 2024, iliyosema mechi 3 Jumanne na sifuri kabla ya wiki kuisha, haikumshawishi hata mshabiki wa Brisbane aliyefaidika.

Wachezaji wenyewe wanaambiwa wafanye nini? Mafunzo ni matatu, nayo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyafanya: achia mkono mmoja, legeza magoti mwende chini pamoja badala ya kumbwaga, na ukishamshika usiongeze kitendo cha pili. Kuachia mkono mmoja ni kumpa nafasi ya kugonga pasi. Mkabaji anayeachia anajua kwamba huenda anapoteza filimbi. Na mwenye mpira naye si malaika. Wapo wanaojikunja makusudi wapatikane shingoni, wapo wanaoendelea kusukumana na kuzunguka ili wasitue na mpira, na mzunguko huo nao unaingia kwenye video kana kwamba ni wa mkabaji peke yake.

Kwa maoni yangu dawa iko kwenye filimbi kuliko kwenye jedwali. Mwamuzi anapompa mwenye mpira muda mrefu wa kuhangaika, mkabaji hana budi kuendelea: amemshika, filimbi haijalia, kwa hiyo anavuta, anazungusha, anamaliza. Kitendo cha pili kinachoshtakiwa kinazaliwa kwenye ukimya huo. Katikati ya msimu wa 2024 ligi iliwaagiza waamuzi wapunguze muda wanaompa aliyekabwa kuuachia mpira. Makocha wengine walinung'unika, na walikuwa na sababu: filimbi ya haraka inamwadhibu yule jasiri aliyeinama kuokota mpira kwanza, na mchezo huu tangu zamani umejisifu kwamba unamlinda anayewahi mpira. Lakini kati ya kumnyang'anya jasiri mpira na kumwacha agongeshwe chini ndipo apewe pole, nachagua la kwanza.

Hata filimbi haitamaliza kila kitu. Septemba 2023 Brayden Maynard wa Collingwood aliruka kuzuia mpira uliopigwa na Angus Brayshaw wa Melbourne, akatua juu yake kwa bega, Brayshaw akazimia. Baraza lilisikiliza hata mtaalamu wa mwendo wa mwili, likamwachia Maynard, ambaye wiki chache baadaye alichukua ubingwa na timu yake. Ligi ikabadilisha kanuni ya kuruka kabla ya msimu mpya. Brayshaw, kaka yake yule Andrew aliyevunjwa taya, alistaafu Februari 2024 kwa ushauri wa madaktari akiwa na miaka 28. Kanuni mpya haikumkuta uwanjani.

Ukiwahi kupata nafasi ya kutazama mechi pale uwanja wa MCG, Melbourne, sikiliza ukabaji unapotokea. Watu zaidi ya elfu themanini wanapiga kelele neno moja, "mpira!", wakimdai mwamuzi filimbi. Kelele hiyo huanza mikono inapobanwa, kabla kichwa hakijafika chini, na huwa imeshakwisha wakati daktari wa timu anavuka mstari na mkoba wake.